Chombo cha shaba chenye kulabu na tundu la ufunguo: ni jeki ya kuchomea nyama

Swali: "Shikamoo. Naandika kutoka Masasi. Marehemu babu yangu alikuwa mpishi wa wazungu enzi za ukoloni. Katika sanduku lake tumekuta kitu cha shaba ya njano, urefu wake kama futi moja, chini kinene na juu chembamba mithili ya chupa. Juu kina pete, ubavuni kina tundu la ufunguo, na chini kimetoka kijiti cha chuma chenye kulabu. Ukikitikisa, kuna kitu kinalia ndani. Mjomba anasema ni ganda la mzinga wa vita ya Wajerumani. Fundi pikipiki anasema ni jeki. Mama anakumbuka babu akisema kilikuwa cha nyama, ila jina halikumbuki. Ni nini hasa, na je, kinaweza kufanya kazi tena?"

Marahaba, mwanangu. Mama yako amekumbuka sawasawa, na fundi pikipiki naye hakukosea jina. Hiyo ni jeki, ila haihusiani na gari. Ni jeki ya kuchomea nyama, na Waingereza waliotengeneza vyombo hivi waliiita jeki ya chupa kwa sababu ya umbo lake. Ukiitafuta mtandaoni kwa jina hilo utaletewa jeki za mafuta za kuinulia malori, maana jina limehamia huko. Ongeza neno "nyama" au "jikoni" utakapotafuta.

Mjomba wako naye tusimlaumu. Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana vikali Mahiwa, upande wa Lindi, kwa hiyo shaba ya zamani ikionekana huku kusini mawazo hukimbilia vitani. Lakini ganda la mzinga halina tundu la ufunguo, wala halina kulabu inayozunguka. Siku mkikuta shaba isiyo na vitu hivyo, iliyozibwa mdomoni, msiiguse wala msiitikise, nendeni polisi.

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe, kwa sababu mtu akiona kinavyofanya kazi ndipo anaelewa kwa nini watu walikihangaikia.

Ndani ya sehemu nene mna springi bapa, ndefu, iliyoviringishwa. Unaingiza ufunguo ubavuni, unaikaza. Springi ikianza kujikunjua husukuma magurudumu ya meno, nayo huzungusha kile kijiti cha chini. Ila hakizunguki upande mmoja moja kwa moja. Kinakwenda kulia mizunguko kadhaa, kinapunguza mwendo, kinarudi kushoto, na hivyo hivyo mpaka springi iishe. Chini ya kijiti palining'inizwa gurudumu la chuma lenye kulabu ndogo pembeni, na chini ya gurudumu ndipo nyama ilipotundikwa. Uzito wa gurudumu na nyama ndio unaotuliza mwendo. Bila uzito jeki inarukaruka. Ikiwa na uzito wa kutosha inakwenda kwa upole. Isabella Beeton wa London, aliyewaandikia akina mama wa nyumbani mwaka 1861, aliwashauri kwamba nyama ikiwa nyepesi mno na haitulii, watundike jiwe moja la mizani ya jikoni kwenye gurudumu. Nimelitaja hilo kwa sababu hutaweza kuipima jeki yako kwa kuitazama ikiwa tupu. Ukiikaza bila kutundika kitu, itakudanganya kwamba ni mbovu.

Gurudumu lile hukulitaja katika barua yako. Litafuteni sandukuni: ni duara la chuma, si la shaba, na huenda limeshika kutu kiasi cha kufanana na kipande cha baiskeli. Tafuteni na ufunguo pia.

Jeki hii haikutundikwa juu ya moto. Ilitundikwa mbele ya moto, na nyama ikawa inazunguka pembeni mwa ndimi za moto, umbali wa kama mkono mmoja. Hapo ndipo wengi hupotea wakiona chombo hiki, kwa kuwa siku hizi tukisema nyama choma tunaona wavu, mkaa chini, nyama juu. Kwa utaratibu huo mafuta hudondokea makaa, moto hulipuka, moshi mweusi hupanda, na nyama hushika ladha ya moshi huo. Wapo wanaoipenda, nami siwakatazi. Lakini nyama inayozunguka mbele ya moto hupata joto bila moshi. Mafuta yake yanadondoka moja kwa moja chini, na chini pamewekwa sinia la kuyakinga. Hakuna tone linalopotea, na hakuna tone linalowaka.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani, hata kama hawajawahi kuiona jeki. Mvuvi anayempasua samaki, akambana kwenye kijiti kilichochanwa katikati, kisha akakichomeka kijiti mchangani kikiegemea upande wa moto, anafanya kazi ile ile. Huko ndiko kubanika. Samaki hakai juu ya makaa. Anasimama kando, anageuzwa upande wa pili wa kwanza ukiiva. Tofauti ni kwamba samaki aliyepasuliwa ni bapa, ana pande mbili tu, unamgeuza mara moja au mbili yamekwisha. Paja zima la kondoo au bonge la ng'ombe la kilo nne halina pande mbili. Lisipogeuzwa bila kukoma litaungua huku na kubaki damu kule. Kwa hiyo swali la kale la jikoni lilikuwa hili: nani atageuza nyama?

Katika majumba makubwa ya Uingereza na Ufaransa aliyegeuza kwa karne nyingi alikuwa mtoto. Nyama ilichomwa kwenye mshikaki mrefu wa chuma uliolazwa mbele ya moto, na mvulana akakaa kwenye ncha yake akiuzungusha kwa mkono saa nzima, saa mbili, saa tatu, huku joto likimbabua shavu. Jina Jack lilikuwa jina la kumwitia kijana yeyote wa kazi, na mashine zilipoanza kuchukua kazi ya vijana hao zikarithi jina lao. Ndiyo sababu ya jina jeki, la jikoni na hata la gari.

Baada ya mtoto akaja mbwa. Hilo si hadithi. Daktari John Caius aliwataja mbwa wa jikoni katika maandishi yake ya karne ya 16, na kulikuwa na aina maalumu ya mbwa, miguu mifupi na kiwiliwili kirefu, waliowekwa ndani ya gurudumu la mbao lililofungwa juu ukutani. Mbwa akikimbia, gurudumu linazunguka, kamba inavuta mshikaki. Mara nyingi walikuwa wawili, wakipokezana. Aina hiyo ya mbwa imekwisha duniani. Mmoja aliyekaushwa, aliyepewa jina Whiskey, amehifadhiwa katika makumbusho ya Abergavenny, Wales. Sioni raha kumfikiria akikimbilia nyama ambayo haikaribii.

Wengine walitumia akili zaidi kuliko nguvu. Mwishoni mwa karne ya 15 Leonardo da Vinci alichora mshikaki unaozungushwa na feni iliyowekwa ndani ya dohani: hewa ya moto inapanda, inazungusha feni, feni inazungusha nyama. Uzuri wake ni kwamba moto ukizidi, nyama nayo inazunguka haraka zaidi. Majumba ya kitajiri yalizijenga kweli jeki hizo za moshi. Nyingine ziliendeshwa na jiwe zito lililoteremka polepole kwa kamba, kama saa za ukutani za zamani. Zote hizo zilihitaji ukuta mnene, dohani pana na fundi wa kuja kuzifunga.

Jeki yako ilikuja mwishoni mwa karne ya 18 na kuenea katika karne ya 19, ikiwa jibu kwa nyumba za kawaida. Ni ndogo, inabebeka, unaitundika kwenye chuma kilichobanwa ukingoni mwa ubao wa juu ya meko, unaikaza, unaendelea na viazi vyako. Mtu mwenye chumba kimoja na moto mmoja wa makaa ya mawe aliweza kula nyama iliyochomwa kwa namna ambayo zamani ilihitaji mtumishi au mnyama.

Ilikuwa na mwenzake, ambaye kwenu huenda alishatupwa zamani kwa kuwa kutu humla haraka: kinga ya bati. Ilikuwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, limesimama kwa miguu, upande uliopasuliwa ukitazama moto. Jeki ilikaa juu yake, nyama ikazunguka ndani, na bati lililong'arishwa likarudisha joto upande wa nyuma wa nyama. Mgongoni mwake palikuwa na kimlango ambacho mpishi alikifungua ili aimwagilie nyama mafuta yaliyokusanyika chini. Beeton hakuipenda kinga iliyoizunguka nyama pande zote. Alisema nyama ya humo huwa na ladha ya kuokwa, si ya kuchomwa, kwa sababu hewa haipiti vizuri.

Kwa maoni yangu alikuwa sahihi kabisa, na sababu inaeleweka. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Maadamu ngozi ya nyama imelowa, joto lake halipandi zaidi ya hapo, na rangi ile ya kahawia yenye harufu ya kuita majirani huanza kujengeka vizuri kwenye nyuzi 140 hivi. Hewa inayopita huondoa unyevu, ngozi inakauka, rangi inakuja. Ndani ya oveni iliyofungwa mvuke wa nyama yenyewe unabaki humo humo. Kwa hiyo mpishi wa zamani aliyekataa kuita nyama ya oveni "choma" hakuwa na maringo. Alikuwa akitaja kitu anachokionja.

Umeuliza ni nini. Ngoja niongeze ya nani na ya lini. Chukua kitambaa kikavu, futa taratibu sehemu nene ya jeki, kisha iinamishe kwenye mwanga wa asubuhi. Mara nyingi pana maandishi yaliyopigwa muhuri. Majina mawili yanayoonekana sana ni John Linwood wa Birmingham, na Salter wa West Bromwich, mji ulio jirani. Hilo la pili huenda unalijua bila kujua. Salter walikuwa mafundi wa springi, na ni jina hilo hilo lililo kwenye mizani ya kuning'iniza ambayo watoto wetu wamepimiwa kliniki, wakipiga kelele ndani ya kile kikaptula. Springi ya mizani inavutwa, springi ya jeki inakazwa.

Kuhusu namna ilivyofika Masasi, Waingereza waliokuja kukaa upande wenu walikuja kwa nyakati tofauti. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, walifika mwaka 1876 pamoja na Askofu Edward Steere, wakifuatana na watu waliookolewa utumwani, na misheni ikadumu. Baada ya Vita ya Pili, kuanzia 1947, wakamiminika wengine Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, ambao ulishakufa kufikia 1951. Mimi naegemea wale wa kwanza. Kufikia 1947 jeki ya chupa ilikuwa imeshatoka katika majiko ya Uingereza: majiko ya chuma yenye oveni, kisha ya gesi, yalikuwa yameziba meko yale ya wazi, na pasipo moto wa wazi jeki haina kazi. Mtu wa mwaka 1947 asingefunga mzigo kwenda Nachingwea akaweka chombo cha bibi yake. Misheni, kwa upande mwingine, ilikuwa na kuni, ilikuwa na moto wa wazi, na haikutupa kitu kinachofanya kazi. Muulize mama kama babu aliwahi kufanya kazi misheni. Jibu lake lina thamani kuliko dhana yangu.

Sasa, kuifufua. Inawezekana kabisa, ila kuna mambo ya kuyakwepa.

Usiisugue kwa majivu, mchanga wala limau. Najua shaba ya harusi husafishwa hivyo na hung'aa, lakini maandishi ya jeki ni mepesi, yatafutika, na yakifutika hayarudi. Kitambaa kikavu kinatosha. Usiitumbukize ndani ya maji. Usiweke mafuta ya nazi ndani: baada ya muda yanaganda na kunata kwenye meno ya magurudumu. Weka matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani pale kijiti kinapotokea chini na kwenye tundu la ufunguo, kisha iache usiku mzima ikiwa imening'inia.

Na usiifungue. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Springi iliyokazwa miaka mingi iliyopita inaweza kuwa bado imekaza, na ikichomoka kwa ghafla inakata vidole. Kama kile kinachokulilia ndani kinasikika kama kipande kilicholegea, mpelekee fundi saa, tena mzee aliyewahi kutengeneza saa za ukutani za kukaza kwa ufunguo, si wa saa za betri. Mwambie springi ndiyo iko ndani, naye atajua aanze wapi. Ufunguo ukikosekana, huyo huyo anaweza kukuchongea: apime vizuri ndani ya tundu kabla ya kukata chuma. Kaza kidogo kidogo. Ukihisi ukinzani mkubwa, acha hapo hapo, usilazimishe.

Ikizunguka, ipikie. Chombo cha jikoni kinachokaa kabatini kinanihuzunisha.

Simamisha miti mitatu iliyofungwa juu, au tumia boriti imara iliyo mbali na makuti. Tundika jeki juu ya usawa wa moto, kwa pembeni, ili joto lisiifikie shaba. Ikipata joto kali mafuta ya ndani yatayeyuka. Kulabu ya zamani usiiamini. Nunua mpya isiyo na rangi, na kipande cha mnyororo. Moto uwe mrefu kwenda juu, si mpana, uegemee ukuta wa matofali au mawe unaourudisha kwa mbele. Kuni ngumu zilizokauka, zikichanganywa na vifuu vya nazi kama unavipata, zinatoa joto zuri. Maganda ya korosho usithubutu, hata kama yamejaa ua mzima: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na koo. Hayafai karibu na chakula.

Kwa kinga ya bati, tafuta debe la zamani la mafuta ya kula. Lipasue kwa urefu, lioshe, ling'arishe ndani, ondoa kingo kali kwa tupa. Kazi yake ni ile ile ya kinga ya Waingereza, na kwa kuwa halizibi kila upande, Beeton angeridhika. Bati la kuezekea lililopakwa rangi liache lilipo.

Anza na paja la mbuzi la kilo mbili, limefungwa kwa uzi wa pamba lisiwe na vipande vinavyoning'inia. Lisugue kwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu, kisha likaushe kwa kitambaa, na hapo ukumbuke niliyosema kuhusu unyevu. Weka mkono wako pale nyama itakapokaa: ukiweza kuvumilia hesabu ya tano hivi kabla ya kuuondoa, umbali unafaa kuanzia. Baada ya nusu saa sogeza moto karibu. Chini weka karai dogo lenye maji kidogo ya kuzuia mafuta yasiungue. Chukua upawa, mwagilia nyama kila baada ya dakika kumi. Dakika ishirini za mwisho, ukipenda ladha ya kwetu, pakaza tui zito lenye pilipili na bizari. Lisitangulie, sukari yake inaungua upesi.

Waingereza walihesabu robo saa kwa kila ratli, na robo saa moja juu yake. Paja la kilo mbili ni ratli nne na ushei, kwa hiyo saa moja na dakika ishirini hivi. Mbuzi wetu aliyezoea kupanda vichuguu atataka zaidi, na mbuzi hafai kuliwa mbichi ndani. Choma mpaka maji yanayotoka ukichoma kisu penye nyama nene yawe meupe bila damu. Kisha ishushe, ipumzike robo saa kabla ya kukata.

Na fundi akikuambia springi imekatika, usikate tamaa na paja lako. Katika nyumba za Uingereza ambazo hazikuweza kununua jeki, watu walitundika nyama kwa uzi mnene wa sufu ulioviringwa, wakausokota kwa mkono. Uzi ukajisokotoa, ukapitiliza, ukajisokota upande wa pili, ukarudi. Mtoto aliitwa kuusukuma kidogo kila uliposimama. Sufu ya kufumia inapatikana dukani. Kunja nyuzi nane au kumi pamoja, zifunge kwenye mnyororo mfupi ili sufu ikae juu, mbali na moto, na kabla ya kuwasha kuni zijaribu kwa jiwe lenye uzito kama wa nyama.